Adam Greenberg alisimama kupiga mara mbili, mbona AB ni 1?

KalamuNyekundu (Nairobi)
Hamjambo wadau. Tunaandaa zoezi la kujaza daftari la alama kwa vijana wa besiboli hapa Nairobi. Tumemchagua Adam Greenberg, Myahudi wa Connecticut, kwa sababu rekodi yake ya ligi kuu ya Marekani inaenea kwenye mstari mmoja. Alisimama kupiga mwaka 2005 na 2012, lakini safu ya AB (at bat, yaani zamu za kupiga zinazohesabiwa rasmi) ina 1. Vijana wengi wametoka kwenye kriketi na hawakubali. Tuwaelezeje?

Daftari_Safi
Mwalimu, rekodi iko sawa. Tarehe 9 Julai 2005, awamu ya tisa, Chicago Cubs walimwingiza kama mpigaji wa akiba dhidi ya Florida Marlins. Mpira wa kwanza wa Valerio de los Santos, kasi ya kilomita 148 hivi kwa saa, ulimpata nyuma ya kichwa. Aliyegongwa hupewa besi ya kwanza, mradi hakurusha gongo na alijaribu kukwepa. Andikeni HBP (amegongwa na mpira), AB iachwe wazi, kama anapopewa besi kwa mipira minne mibaya. Wanakriketi wakumbushe legibai (leg bye): mpira umegonga mwili, timu inapata, mpigaji haandikiwi mkimbio.

Carlos Zambrano ndiye aliyekimbia badala yake. Hapa wengi hukosea: mkimbiaji wa akiba akifika besi ya nyumbani, alama ni yake, si ya aliyegongwa.

Mama Hesabu
Nakazia hesabu, maana ndiyo tamu. Wastani wa kupiga ni mapigo yaliyofaulu ukigawanya kwa AB. Tangu 2005 hadi 2012 alikuwa na 0 kwa 0, kwa hiyo wekeni kistari, mkiandika .000 mmemdhulumu. Kiwango cha kufika besi kilikuwa 1.000, kwani alifika mara 1 kati ya 1.

Tarehe 2 Oktoba 2012 Miami Marlins walimpa mkataba wa siku moja. Awamu ya sita alikutana na R.A. Dickey wa New York Mets, bingwa wa mpira usiozunguka, ambao huyumba hewani hata mdakaji akasumbuka. Wa kwanza aliuangalia ukapita, straiki. Wa pili na wa tatu alirusha gongo akakosa. Straiki tatu, ametolewa: hiyo ni AB 1, wastani .000, kufika besi .500. Mipira minne, kazi nzima ya ligi kuu imeisha.

Daftari_Safi
Ongezeni na ukaguzi wa mwisho: zamu zote za timu lazima zilingane na alama zake, jumlisha wakimbiaji waliobaki kwenye besi, jumlisha wote waliotolewa. Ikipungua moja, mara nyingi ni HBP iliyosahaulika.

Mama Hesabu
Na msiishie kwenye karatasi. Greenberg alipiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo sikio la kulia ndilo lililomtazama mrushaji. Helmeti zenye kifuniko cha sikio upande mmoja zitenganisheni kabla ya mazoezi, za wapigaji wa kushoto na za wa kulia, au nunueni za pande zote mbili. Kizunguzungu kilimsumbua muda mrefu. Kijana akigongwa kichwani atoke, aonwe na daktari, asirudi siku hiyo hata akisema yuko sawa.

KalamuNyekundu
Asanteni sana. Kistari badala ya .000 ndicho kilichokuwa kimetushinda. Tunarekebisha karatasi leo.