Mhusika anajitoa mhanga, msomaji haguswi. Kasoro iko wapi?

Wino_Mkavu:
Wakuu, naomba msaada wa kiufundi. Hadithi fupi, maneno 4,000. Dada mtu anabeba kosa la mdogo wake na kufungwa yeye. Waliosoma rasimu wanasema dada ni malaika mno, kifungo chake hakiwaumi. Anakiri katika aya ya mwisho. Nirekebishe wapi bila kuongeza machozi?

Mhariri_wa_Zamu:
Aya ya mwisho iache kwanza. Kasoro ya aina hii kwa kawaida imejificha robo ya kwanza. Huyo dada anataka nini maishani? Kama hataki kitu, jela haimnyang'anyi kitu. Mpe jambo moja analolisubiri, lenye tarehe: mtihani, harusi, safari. Lionekane mara 2 au 3 kabla ya kosa kutokea, na mara moja limfanye awe mchoyo, amnyime mdogo wake pesa kwa sababu ya jambo hilohilo. Umalaika utapungua, na anachopoteza kitaonekana.

Halafu ziba njia nyingine. Msomaji ni mjanja, atauliza kwa nini wasitoroke, au kwa nini mdogo asikiri mwenyewe. Kila njia izibwe na tukio, si na maelezo ya msimulizi. Ukisahau moja tu, dada ataonekana mpumbavu.

Tazama riwaya A Tale of Two Cities ya Dickens (1859). Carton anakufa badala ya Darnay kwa kuwa wanafanana sura. Kufanana huko kungetajwa gerezani tu, tungecheka. Lakini tulishakuona mapema, kitabu cha pili sura ya 3, mahakamani London, kulikovuruga ushahidi na kumwokoa Darnay. Ahadi ya Carton kwa Lucie, mwanamke anayempenda, iko sura ya 13. Kisha kuna dawa ya kulevya ambayo Carton anainunua, na kuna mpelelezi anayembana ili asaidie kumtoa Darnay nje. Ni utaratibu mkavu kabisa, na ndio unaotufanya tuamini.

Pambizoni:
Naunga mkono, ila mmemsahau mdogo mtu. Anayeokolewa akiwa mtu wa kushukuru tu, hadithi inapooza. Katika Alcestis, tamthilia ya Mgiriki Euripides (438 KK), mke anakufa badala ya mumewe Admetus, baada ya wazazi wazee wa mume kukataa. Mume analia kwelikweli, lakini ndiye aliyekubali mke afe badala yake! Baba yake, Pheres, anapokuja mazikoni wanatupiana maneno, na mzee anamwita mwoga waziwazi. Tukio hilo linachoma kuliko kifo chenyewe.

Alcestis naye hafi kimya. Anadai Admetus asioe tena, watoto wasije wakalelewa na mama wa kambo. Dada yako adai kitu, tena kitu kigumu kutimizwa.

Wino_Mkavu:
Asante sana. Je, akiogopa na kukataa kwanza, si atapoteza hadhi?

Mhariri_wa_Zamu:
Aogope tu. Hatari iko kwenye mgeuko. Aristotle katika Poetics, kitabu chake cha nadharia ya tamthilia, alimlaumu Iphigenia wa Aulis, mhusika wa Euripides anayetakiwa kutolewa kafara: binti anayemsihi baba yake asimuue hafanani na yule anayekubali kufa baadaye. Binafsi naona lawama imezidi kidogo, maana kati ya hali hizo mbili shujaa Achilles anajitokeza kupigana na jeshi zima kwa ajili yake, naye binti anaona wengine watakufa. Sababu ipo, ila imepitishwa haraka. Wewe mpe mgeuko huo ukurasa mzima.

Pambizoni:
Mfano mwingine wa sababu iliyokaa sawa ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), tamthilia ya Vita vya Maji Maji, ambamo wapiganaji waliamini maji ya dawa yatawakinga. Mhusika anajua maji hayazuii risasi, lakini akiwa mateka anakataa kuyakana, kwa sababu akiyakana, watoto wataambiwa kwamba kupigana kulikuwa kosa. Haokoi mtu yeyote pale gerezani, na hata hivyo uamuzi wake hauna tundu.

Kuhusu kukiri: kuondoe mwishoni. Kuweke kwenye neno la 2,500 hivi, maneno 1,500 yanayobaki uyape yanayofuata. Mdogo anakwenda kumtazama dada yake mara ya kwanza, mara ya pili anachelewa, mara ya tatu haonekani. Na ile tarehe ya mtihani au harusi ipite katikati ya hapo, kwa sentensi moja tu.