Ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini: tuwarithisheje watoto waliozaliwa mjini?

Mjukuu wa Tukuyu
Shikamooni wazee wangu, nanyi wengine nawasalimu katika Kwaresima hii. Mimi ni Mmoravian, muumini wa Kanisa la Moravian, niliyelelewa Rungwe, na sasa ninaishi Dar es Salaam. Utotoni mwetu, siku moja kabla ya Pasaka tulikwenda na majembe na mafyekeo kusafisha makaburi, na kesho yake, jua likiwa halijachomoza, tulisimama kwenye umande huku matarumbeta yakilia, mchungaji akitamka kwamba Bwana amefufuka, nasi tukiitikia kwamba amefufuka kweli kweli. Mwaka jana niliwapeleka wanangu wawili. Mkubwa, mwenye miaka 12, alisimama mbele ya kaburi la babu yangu akaniuliza huyu alikuwa nani, nami sikuwa na la kumweleza zaidi ya jina na miaka iliyochorwa kwenye saruji. Wenzangu mnafanyaje? Tena jamaa yangu mmoja aliyehamia kanisa jingine ananiambia kuwa huko ni kuabudu wafu. Nimjibu nini?

Mwinjilisti Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Ibada hiyo ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, ambako vijana wa kiume walipanda alfajiri hadi makaburi ya kilima cha Hutberg ili waimbe ufufuo. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika mapokeo hayo hayo. Jamaa yako mwambie asikilize liturgia yenyewe, yaani maneno ya ibada: hatuwaombi marehemu chochote, bali tunamwomba Mungu atudumishe katika ushirika na ndugu walioingia katika furaha ya Bwana wao tangu Pasaka iliyopita. Ni ungamo la imani, isipokuwa linasemewa mahali ambapo imani hiyo inajaribiwa.

Ama kuhusu swali la mtoto, Wamoravian wa kale walikuwa na desturi ambayo naona tumeiacha ikonde. Mtu aliandika mwenyewe habari za maisha yake angali hai, namna alivyomjua Mungu na namna alivyokosea, na maandishi hayo yakasomwa siku ya mazishi yake kisha yakahifadhiwa. Sisi wasifu wa marehemu tunauandika usiku wa kuamkia mazishi, kwa haraka, na mara nyingi unaeleza hospitali alizolazwa kwa kirefu kuliko miaka aliyoishi akiwa mzima. Mtoto atarithi nini hapo?

Mama wa Kihamba
Kwetu Moshi tu Walutheri, na makaburi yetu yamo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba. Wengi wetu hurudi nyumbani Desemba kuliko Pasaka, kwa sababu ya likizo na kwa sababu masika hugeuza njia kuwa tope, kwa hiyo kazi ya makaburi tunaifanya wakati huo. Kila mjukuu amepewa kaburi lake la kutunza, na bibi hukaa kwenye kigoda akisimulia huku wao wakig'oa nyasi. Binti yangu alitunzishwa kaburi la mama wa bibi, na ndipo aliposikia kuwa mama huyo alikuwa akificha fedha za kahawa ndani ya debe la mahindi ili mumewe asizione. Hajalisahau hilo hadi leo. Ila msimlipe kibarua asafishe kabla hamjafika; tulifanya hivyo mwaka mmoja, watoto wakabaki garini na simu zao.

Mkatoliki wa Songea
Sisi tuna tarehe 2 Novemba, Kumbukumbu ya Marehemu Wote, na majina ya kuombewa katika misa tunayaandika na kuyapeleka parokiani. Zamani niliyaandika peke yangu. Siku hizi mwanangu ndiye anayeandika, mimi ninamtajia, na kila jina asilolijua lazima kalamu isimame kwanza nieleze.

Mjukuu wa Tukuyu
Ndaga fijo, asanteni sana. Jana usiku nilimpigia shangazi simu, mwanangu akiwa na daftari kando yangu. Kumbe babu alikuwa mpiga tarumbeta wa ibada hiyo hiyo ya alfajiri, hadi meno ya mbele yalipong'oka akahamia kwenye kugonga kengele. Sasa mtoto anadai aonyeshwe tarumbeta lile. Shangazi anasema lipo darini kwa baba mdogo, ila kipande cha kupulizia kimepotea.