Saifai wanairusharusha, komedi wanaipanga foleni, hii stesheni ina akili kweli??

Wadau asalaam aleikum, nshachoka na leo nasema. Kuna stesheni moja, jina naliwacha, wenye kuiangalia wajijua, inaonyesha Star Trek The Next Generation, saifai (hadithi za kubuni za sayansi) ya watu wanaosafiri na chombo angani, kila Jumanne usiku, nami nkamvuta ami yangu tuangalie pamoja hapa Malindi. Ami ni mtu wa taarifa ya habari na mpira basi, saifai kwake ni watu wazima waliovaa masikio ya plastiki.

Nilimpata kwa ujanja. Yeye mzaliwa wa Ngomeni, alikuwa mtoto pale Desemba 12, 1970, roketi ilipoondoka baharini kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano na kupeleka juu setilaiti ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa vile siku ile Kenya yatimiza miaka saba. Nkamwambia ami, hilo neno letu walikuwa washalichukua kabla, ile Star Trek ya kwanza ya 1966 ilikuwa na afisa wa mawasiliano mwanamke aitwa Uhura, jina limetoka kwa uhuru. Akavuta kiti.

Wiki ya kwanza alilala. Ya tatu akawa ananinyamazisha mimi. Halafu ikaja The Best of Both Worlds, wanaoijua wajua, wale Borg, maadui nusu watu nusu mashine, wanamteka kapteni Picard, wamtia machuma usoni, atokea kwa skrini kuwaambia watu wake mwenyewe maisha yao yamekwisha, Riker, naibu wake, atoa amri apigwe, paap, itaendelea. Chai ya ami imepoa mkononi hajainywa. Mimi nimeona episodi nyingi za saifai na kwangu hakuna iliyokatwa pazuri kama hii, Wamarekani 1990 waliachwa hapo tangu Juni mpaka Septemba wakavumilia, sisi wiki moja si tungeweza.

Jumanne iliyofuata tumewahi kukaa, stima ipo kwa bahati, wanaweka nini? Episodi ya nyuma, ya sizoni ya pili!! Picard mzima, uso safi, anakunywa chai. Ami akanigeukia, "Huyu kapona lini?"

Sasa hapa ndipo panaponikera zaidi. Jumamosi stesheni hiyohiyo inaonyesha Mr. Bean, na Mr. Bean wameipanga moja mbili tatu kama watoto wa madrasa mstarini. Yakhe, Mr. Bean! Episodi zenyewe 15 tu, haongei, la jana halikumbuki, anza na ya mwisho urudi nyuma utacheka vilevile. Hata Vitimbi, ile komedi yetu ya Kenya ya Mzee Ojwang, ulikuwa waingia katikati bila kuuliza nini kilitokea wiki iliyopita, vichekesho vingi viko hivyo na ndio utamu wake (sisemi zote, kuna komedi siku hizi zina hadithi ndefu, lakini hizo hawatuonyeshi). Yaani kinachohitaji mpango wamekivuruga na kisichohitaji wamekipanga, sijui anayeweka hizo kanda anaangalia ama anaziokota tu gizani.

Na msiniambie ni sisi huku tu. 2002 huko huko Marekani saifai nyingine, Firefly, ilionyeshwa shaghalabaghala, episodi ya kuwatambulisha watu ikawekwa ya mwisho kabisa, Desemba, watazamaji hawakuwa wengi, ikafutwa. Mtu akiona mwenzake kaanguka shimoni si apite kando?

Nimewaandikia kwa watsapu mara tatu. Jibu: asante kwa kututazama, na picha ya ua waridi. Ua la nini mimi!

Mwenye sehemu ya pili kwa flashi anishtue, nitamfuata hata kama yuko Mambrui. Mimi mwisho naujua ila simwambii ami, nataka auone mwenyewe, na kila akitoka magharibi anauliza lile lile, yule mzee kipara washamvua yale machuma?