Mifupa dhaifu na skrubu za mgongo: sindano ya kila siku, dripu ya mwaka au vidonge vya wiki?

Kitindamimba
Salaam, wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 72. Pingili ya nne ya kiuno imeteleza juu ya ile ya tano na kubana mishipa ya fahamu, na daktari anapendekeza pingili hizo ziunganishwe kwa skrubu. Kipimo cha wingi wa madini ya mfupa kwenye nyonga kimetoa alama ya -3.1, wakati udhaifu wa mifupa huhesabiwa kuanzia -2.5 kwenda chini. Tumetajiwa dawa tatu: teriparatidi, asidi ya zoledroniki na alendronati. Najua zote hupunguza hatari ya mifupa kuvunjika. Ninachouliza ni ipi itakayosaidia skrubu zishike.

Daktari wa Zamu
Umeuliza swali ambalo wengi hulikumbuka baada ya upasuaji, skrubu zikiwa zimekwishaanza kucheza. Alendronati na asidi ya zoledroniki huzuia seli zinazomeng'enya mfupa, kwa hiyo hulinda kilichopo, ilhali teriparatidi, ambayo ni kipande cha homoni ya tezi ya parathiroidi, huchochea seli zinazojenga mfupa mpya. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wanawake 62 waliokoma hedhi, wenye mifupa dhaifu na tatizo la pingili kuteleza kama la mama yako. Waliopewa teriparatidi waliianza miezi miwili kabla ya upasuaji na kuiendeleza kwa miezi kumi baadaye. Mwaka ulipotimia, skrubu zilizolegea zilikuwa asilimia 7 hadi 13 kwao, asilimia 13 hadi 26 kwa waliotumia risedronati, ambayo ni ya jamii moja na alendronati, na asilimia 15 hadi 25 kwa wasiopewa dawa yoyote kati ya hizo. Idadi hiyo ya wagonjwa ni ndogo, nakiri, lakini tazameni jinsi kundi la risedronati lilivyokaribiana na kundi lisilo na dawa.

Nesi Mstaafu
Ninakubaliana na Daktari, ila dawa nzuri ni ile ambayo mgonjwa ataweza kuitumia. Teriparatidi ni sindano ya mikrogramu 20 chini ya ngozi kila siku, kalamu yake hukaa kwenye friji, na ikishaanza kutumika hutupwa baada ya siku 28 hata kama imebaki dawa. Bei yake pia ni mzigo. Alendronati ya miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki, lakini sharti tumbo liwe tupu, inywewe kwa maji matupu, na mgonjwa akae wima kwa angalau nusu saa ili isiunguze umio. Fikirieni mama wa miaka 72 aliyetoka kupasuliwa mgongo akilazimishwa kukaa wima alfajiri! Dripu ya zoledroniki ya miligramu 5 ndiyo nyepesi kwa familia, kwa kuwa hutolewa mara moja kwa mwaka, ingawa dozi ya kwanza huweza kuleta homa na maumivu ya viungo kwa siku chache. Kabla ya yote, pimeni figo, kalisi na vitamini D.

Mwenye Skrubu Sita
Mimi ni mgonjwa, si mtaalamu. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, naye alikuwa akisema kwamba mbao ikishaliwa na mchwa, kubadilisha skrubu ni kujidanganya. Mimi niliwekewa saruji ya mifupa kuzunguka skrubu, nazo zimeshika. Je, mama hawezi kufanyiwa hivyo na kuachana na sindano za kila siku?

Daktari wa Zamu
Saruji huongeza mshiko tangu siku ya upasuaji, jambo ambalo hakuna dawa inayoliweza, lakini inaweza kuvuja kwenye mishipa ya damu na kufika mapafuni. Tena haifanyi chochote kwa pingili za jirani, ambazo mara nyingi ndizo huvunjika baadaye. Kwa mfupa wa -3.1 ningeijadili pamoja na dawa, si badala yake. Teriparatidi nayo haitolewi kwa aliyewahi kuchomwa mionzi ya saratani kwenye mifupa, na ikikoma lazima ifuatwe na dawa ya kulinda, la sivyo mfupa uliojengwa hupotea.

Kitindamimba
Ahsanteni sana. Majibu ya figo yametoka leo: uchujaji wake ni mililita 33 kwa dakika.

Nesi Mstaafu
Basi, mwanangu, dripu imeondoka mezani, kwa maana hairuhusiwi chini ya 35, na vidonge vya alendronati navyo havishauriwi chini ya kiwango hicho hicho.

Daktari wa Zamu
Ndivyo. Imebaki sindano, kalisi ikiwa haijapanda. Mwulize daktari wake kama miguu ya mama ingali na nguvu za kutosha kuuahirisha upasuaji kwa miezi miwili. Ikiwa inazidi kulegea, asisubiri, sindano zianze mara tu baada ya upasuaji.

Kitindamimba
Bado anatembea hadi msikitini. Nitamwuliza Jumatatu.