Kuhamisha kabati chumbani kumegeuzwa kosa la nidhamu!

Ndugu wanajukwaa, naufungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa kuwa malalamiko yetu ya kelele kwa uongozi wa hosteli yamejibiwa kwa barua ya karipio.

Chumba chetu kinapakana na ukumbi wa televisheni. Aliyekipanga, ambaye bila shaka hajawahi kulala humo, aliviegemeza vitanda vyote vya ghorofa kwenye ukuta huohuo wa ukumbi, chuma kikigusa plasta, hivi kwamba subufa ikianza kuvuma upande wa pili, mtetemo wake hupanda kwenye fremu hadi kichwani pa aliyelala. Kabati la mbao, zito na lililosheheni nguo, ambalo ndilo pekee lingeweza kupunguza sauti hiyo japo kidogo, likasimamishwa upande wa bustani, ambako hakuna kelele ila za kunguru!

Tulichofanya ni kulihamishia kabati kwenye ukuta wa ukumbi, kuvipeleka vitanda upande wa pili bila kuvigusisha ukutani, na kuivisha miguu ya viti vipande vya mpira wa tairi, maana kila kiti kilipoburutwa kwenye sakafu ya saruji, wenzetu wa chini walitugongea dari kwa ufagio. Sidai kwamba tulipata kimya. Besi hupenya ukuta, mwanya ulio chini ya mlango huingiza soga zote za korido, na zulia tulilotandika hupunguza mwangwi wa ndani tu. Hata hivyo, tuliweza kusoma.

Msimamizi alipokagua aliamuru kila kitu kirudishwe kilipokuwa, eti mpangilio ni mali ya hosteli. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1999 kwamba kelele za mfululizo katika chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, ilhali mazungumzo ya kawaida tu hukaribia 60. Hatukudai ukuta mpya wala senti moja ya hosteli, tulisukuma kabati.

Tunataka uongozi ueleze kwa maandishi hasara iliyopatikana, na kama haipo, basi subufa hiyo iondolewe ukutani petu. Aliye katika hosteli inayoruhusu wanafunzi kupanga vyumba vyao atuwekee hapa maneno ya kanuni yao, kwani tumeitwa mbele ya kamati ya nidhamu na tungependa kwenda nayo.