Ebimeeza zirudi redioni, au zibaki zimefungwa?

Kalamu_Jinja
Tangu Septemba 2009, ghasia za Kayunga, za mvutano wa serikali na ufalme wa Buganda, zilipotikisa Kampala, midahalo ya wazi ya redio, yaani ebimeeza (mmoja ni ekimeeza), imepigwa marufuku hapa Uganda. Wakubwa mnazikumbuka: Ekimeeza ya Radio One pale Club Obligato, Mambo Baado ya redio CBS. Mtu anaandikisha jina, anapewa maikrofoni, anasema lake moja kwa moja hewani. Serikali ikasema mambo hayo hayadhibitiki.

Mimi nasema zirudi. Ibara ya 29 ya Katiba haikuandikwa kwa ajili ya wenye studio peke yao. Na hoja ya udhibiti imekwisha nguvu: mtambo wa kuchelewesha matangazo kwa sekunde 8, kila neno linarekodiwa, kila msemaji anaacha jina na namba. Wala msiniambie vipindi vya simu vinatosha. Wapigaji ni walewale kumi na tano kila jioni, na nusu yao wametumiwa airtime na mwanasiasa.

Mpigaji_Sugu
Airtime? Ndugu, heshima kidogo. Unajua mtu anavyoingia hewani? Redio nyingi za mikoani zina laini mbili, moja MTN, moja Airtel. Tangazo la biashara likianza kuisha, watu mia wanabonyeza kwa pamoja. Anayepata ni yule mwenye subira ya kurudia na kurudia. Na simu ya studio imehifadhi majina: mtangazaji anaona "Hassan Namatala" anapokea, anaona namba ngeni anaiacha iite. Walewale kumi na tano wamechaguliwa na mtangazaji, hawakununuliwa na mbunge. Kamuulize yeye.

Mzee_wa_Busia
Vijana mnapiga kelele za airtime, mmesahau Rwanda. Redio ya RTLM ilianza 1993, mwaka uliofuata watu wanatajwa majina hewani na wanafuatwa majumbani. Maneno yanaua. Mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwahukumu wenye redio hiyo kwa hilo.

Nnyabo_Wakili
Mzee wangu, shikamoo. Hukumu ya Arusha ilitoka Desemba 2003, ni kweli. Lakini RTLM haikuwa ekimeeza. Ilikuwa redio ya watu waliokuwa karibu na utawala, na hapakuwa na mwananchi aliyesimama hapo kumpinga mtangazaji. Kinachokutisha ni redio ya upande mmoja, na dawa yake si kumnyima maikrofoni huyo mwananchi.

Tena sheria ya uchochezi wa vurugu ipo hata bila marufuku. Jedwali la 4 la Sheria ya Mawasiliano ya 2013 linakataza vipindi vya kuchochea vurugu na chuki za kikabila, linataka habari zisipotoshwe, na mgombea mmoja akipewa nafasi wengine wapewe sawa. Tatizo ni maneno kama "maadili ya umma". Kamba hiyo inavutwa popote.

Mtangazaji_Kasese
Mpigaji_Sugu, namba ngeni haipokelewi kwa sababu. Mpigaji akitukana, anakata simu na kwenda kula. Anayeitwa ni mtayarishaji. Mwaka 2019 UCC, tume ya serikali ya mawasiliano, iliamuru vituo 13 visimamishe wafanyakazi 39. Wafanyakazi, sikiliza vizuri. Mwenye leseni huwa anaandika barua ya kuomba radhi na biashara inaendelea. Wewe ungepokea namba usiyoijua saa mbili usiku, wiki ya uchaguzi?

Mpigaji_Sugu
Ningepokea. Ndiyo kazi.

Mtangazaji_Kasese
Ungepokea mara moja.

Kalamu_Jinja
Hayo ndiyo ninayosema! Mtangazaji mwenye hofu anachuja kabla serikali haijachuja. Ekimeeza iliondoa mchujo huo kwa kuwa foleni inaonekana na kila aliyekaa ukumbini. Na CBS ilifungwa miaka miwili kama adhabu...

Nnyabo_Wakili
Miezi 13. Septemba 2009 hadi Oktoba 2010. Pamoja nayo zilizimwa Suubi, Sapientia na Akaboozi, ila hizo zilirudi mapema. Ukitaka kushinda hoja usimpe mwenzako kosa la bure.

FundiMitambo_Arua
Niingilie hapo kwenye sekunde 8, maana mtu anaitaja kama dawa ya malaria.

Studio, inafanya kazi. Mtambo unashika sauti kwenye kumbukumbu na kuitoa ikiwa imechelewa. Mtu akitukana unabonyeza kitufe, sekunde zilizoshikwa zinafutwa, msikilizaji anasikia mruko mdogo. Kisha mtambo unajenga upya akiba yake kwa kunyoosha maneno kidogokidogo, hasa kwenye vituo vya pumzi. Ikiwa akiba yote imefutwa na mtu wa pili akatukana papo hapo, huna kinga. Kwa hiyo igawanye mara mbili, nne na nne. Wengi hawafanyi, wanaacha kama ilivyotoka kwenye boksi.

Nje, chini ya mti au baa, mambo ni mengine. Maikrofoni ya msemaji ukiizima, sauti yake inaingia kwenye maikrofoni ya mwenyekiti iliyo hatua mbili pembeni. Ukumbi unapiga makofi, wanarudia tusi kwa pamoja. Utafuta mara ngapi? Spika za ukumbi zipewe sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti), kamwe si ile iliyocheleweshwa, la sivyo msemaji anajisikia mwenyewe baada ya sekunde 8 na ulimi unamkwama. Na mtu yeyote ukumbini asiwe na redio ndogo iliyowashwa. Mmoja tu anatosha kuharibu kipindi.

Maikrofoni moja kwa wasemaji wote, kwenye stendi, mbali na mwenyekiti. Swichi yake ikae kwa fundi. Dakika tatu, kengele, imezimwa. Hivyo inawezekana.

Mzee_wa_Busia
Na kitufe anashika nani? Mtu wa RDC, mwakilishi wa rais wilayani?

FundiMitambo_Arua
Mtayarishaji, mzee. Si mtangazaji, kwa sababu huyo anasikiliza hoja na kufikiria swali linalofuata. Anayeshika kitufe hafanyi kitu kingine. Awe anaijua lugha inayozungumzwa, na hapa ndipo redio zinaanguka: kipindi cha Kiswahili, msemaji anaruka kwenye Lugbara, mtu wa kitufe ametoka Masaka anatabasamu tu.

Mtangazaji_Kasese
Redio gani ya mkoani ina mtu wa ziada wa kukaa akiangalia kitufe? Tunampa RDC saa nzima ya bure kila wiki kueleza miradi ya serikali, saa ambayo ingeuzwa. Na mnataka tulipe mshahara wa kubonyeza?

Nnyabo_Wakili
Ssebo, rekodi nzuri ndiyo kinga yako mahakamani, kuliko kitufe. Na kumbuka mahakama imeshasema nini. Kesi ya waandishi Onyango-Obbo na Mwenda, Mahakama ya Juu, Februari 2004: kosa la kuchapisha habari za uongo likafutwa. Majaji walikubali kwamba hata kauli isiyo ya kweli iko ndani ya uhuru unaolindwa. Agosti 2010 uchochezi dhidi ya serikali ukafutwa. Januari 2023 kifungu cha 25 cha sheria ya kompyuta, kile cha "mawasiliano ya kuudhi", nacho kikaanguka.

Mpigaji_Sugu
Kikaanguka huku marekebisho ya 2022 ya sheria hiyohiyo yamekwisha pita, na kosa jipya ndani yake: "Habari zenye nia mbaya". Julai 2024 kijana wa miaka 24 alipewa miaka sita Entebbe kwa video ya TikTok. Kwa hiyo msitufundishe kufurahia hukumu. Wanang'oa mti mmoja, wanapanda miwili.

Nnyabo_Wakili
Sikusema tufurahi. Nilisema tunza rekodi.

Kalamu_Jinja
Mbona tumehama? Swali lilikuwa kama wananchi warudishiwe uwanja, sasa tunajadili mishahara ya studio. Anayetaka uwanja aanze na ushahidi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005: jaza fomu, peleka kwa afisa habari wa wizara, ana siku 21. Akinyamaza, kimya kinahesabiwa kama kukataa, unakwenda kwa hakimu mkuu. Ombeni nakala ya agizo la 2009. Kama lipo kwa maandishi tulisome. Kama halipo, nani anatuzuia?

Mtangazaji_Kasese
Omba wewe. Leseni inayofanywa upya si yako. Na ukiomba, usiandike "agizo la 2009" tu. Taja tarehe, taja ofisi iliyolitoa, la sivyo utajibiwa kwamba ombi halieleweki na siku 21 zinaanza upya.

Mpigaji_Sugu
Angalau hapo tumeafikiana. Sasa Kalamu, mwanasiasa wa airtime ni nani?

Kalamu_Jinja
Nilisema nusu. Huenda wewe uko kwenye nusu nyingine.

Mpigaji_Sugu
Huenda!

FundiMitambo_Arua
Wakati mnabishana, jambo moja. Umeme ukikatika, mitambo mingi ya kuchelewesha inajiruka yenyewe, sauti inapita moja kwa moja, ucheleweshaji ni sifuri. Jenereta inawaka, taa zote zinarudi kijani, na hakuna anayejua kwamba akiba bado haijajaa. Wekeni UPS, betri ya akiba, ya mtambo huo peke yake, msichanganye na birika la chai.