Commodore 64, Spectrum au emuleta: ipi itadumu Mombasa?

MkaaziWaTudor
Assalaam aleikum. Ami yangu kahamia Lamu, kaniachia kompyuta mbili alizokuja nazo kutoka Uingereza zamani: Commodore 64 na ZX Spectrum ya 48K, zote za mwaka 1982, na kaseti tele. Naambiwa nizihifadhi kabatini nicheze kwa emuleta, programu inayoiga kompyuta hizi, kwenye laptopu. Mimi nataka ziwake. Nianze na ipi?

FundiMajengo
Wa aleikum salaam. Commodore usiichomeke bado! Adapta yake ya asili hutoa volti 5 za DC na volti 9 za AC. Kidhibiti cha zile 5 kikichoka, volti hupanda, na chipu za memori ndizo huungua. Nyingi zimemiminwa gundi ngumu ndani, hazifunguki kutengenezwa. Ipime peke yake kwa mita, ikipita volti 5.25, basi usiitumie tena. Hata ikiwa sawa leo, mimi ningenunua mpya iliyotengenezewa mashine hiyo. Pesa ya kwanza iende hapo, kabla ya jingine lolote.

Spectrum yataka volti 9 za DC, lakini pini ya kati ni HASI. Adapta nyingi za dukani kati ni chanya. Angalia mara mbili.

BintiLikoni
Mie ni Commodore tu, kwa ajili ya SID, chipu ya sauti aliyoibuni Bob Yannes. VICE ni emuleta nzuri mno, lakini chujio za sauti za 6581, SID ya toleo la kwanza, hazikutoka sawa kiwandani, kwa hiyo kila mashine ina sauti yake. Ya ami yako hutaisikia kwingine.

Na TV: volti 240, plagi na PAL (mfumo wa picha za TV) ni zile zile za Uingereza, ila kwa waya wa antena sauti yao iko 6 MHz, TV za hapa huitafuta 5.5. Ukipata picha bila sauti usidhani SID imekufa. Tumia soketi ya video iliyo nyuma.

BahariaKisauni
Dada, kwa anayeanza Spectrum ndiyo rahisi. Spika yake iko ndani, hilo la sauti ya TV halimhusu. Kaseti zenye ukungu ziache; geuza faili la mchezo liwe sauti, upige kwa simu kupitia tundu la EAR. Mchezo wa 48K huingia kwa dakika nne, tano hivi. Ukifungua, tahadhari na mikia ya utando wa kibodi, zile riboni nyembamba zinazouunganisha na mashine: imekauka, hukatika ukiikunja. Utando mpya bado unatengenezwa.

FundiMajengo
Zote mbili, adui ni chumvi ya hewa yetu. Masika ikiisha fungua, tazama miguu ya chipu zilizo kwenye soketi. Ukiona kijani, ng'oa taratibu, safisha kwa spiriti ya isopropili, rudisha upande ule ule. Mashine ikipoa kabisa, iweke kwenye boksi la plastiki na vile vipakiti vya silika vya viatu vipya.

Emuleta itumie kujua michezo unayoipenda. Haishindani na hizi.

MkaaziWaTudor
Shukran sana. Nimepima ya Commodore sasa hivi: 5.6.

FundiMajengo
Ikate waya leo, asije mtoto akaichomeka. Anza na Spectrum.